Wembe wa Jumatano

"Leo sikunyoi," Kinyozi alisema.

Fundi alidhani anatania. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti, shingo ameilaza nyuma, taulo la moto limeshatolewa usoni, povu linasubiri kwenye bakuli. Ilikuwa Jumatano, saa moja kasoro robo asubuhi, na mlango wa duka ulikuwa umefungwa kwa ndani kama ilivyokuwa kila Jumatano kwa miezi kumi na minne. Saa tatu alitakiwa kliniki ya figo, ile ya kila miezi miwili. Mzaha wa asubuhi yote hiyo wa nini?

"Nyoa bwana, nitachelewa."

"Nimesema sikunyoi."

Fundi akafumbua macho. Kinyozi alikuwa amesimama juu yake, kiganja bado kiko shavuni mwake, anakipitisha polepole kutoka sikioni hadi kidevuni, kisha anarudi tena. Wembe alikuwa ameuweka chini. Na uso wake, uso ule mchangamfu ambao wateja walikuja kuutazama hata kama hawana nywele za kukata, ulikuwa umekunjamana.

Mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu alishona magauni ya harusi, na hakuna bibi harusi wa maeneo yale aliyeolewa bila kupimwa kiuno na mikono yake. Miaka miwili nyuma figo zake zote mbili ziligoma kabisa, akawa wa kubebwa. Dada yake mkubwa akajitolea, akapasuliwa, akampa figo yake moja. Daktari naye akampa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, maisha yake yote, ili mwili usiikatae figo ya mgeni. Vidonge vikafanya kazi yake barabara. Vikafanya na kazi nyingine ambayo hakuna aliyeviomba: vikamwotesha nywele usoni. Zilianza kwenye paji, zikashuka mashavuni, zikaja kukita kambi kidevuni, nyeusi, ngumu, ndevu za kweli kabisa. Fizi nazo zikavimba zikapanda juu ya meno, na kila akipiga mswaki anatema damu. Mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka cherehani inasimama akaanza kucheka mkono ukiwa mdomoni.

Siku ya kwanza alipoingia kwa Kinyozi, mtandio umemfika puani, aliuliza kunyoa ndevu ni kiasi gani. "Inategemea ndevu za nani," Kinyozi akamjibu. "Mume yuko wapi?" Fundi akashusha mtandio. Kinyozi hakucheka, hakushtuka, wala hakusema pole. Alivuta kiti. "Kaa," akasema. "Hizi zinataka maji ya moto kwanza." Ukimuuliza Fundi alimpenda lini, atakwambia ni palepale kwenye maji ya moto. Na sasa harusi yao ilikuwa imebakiza wiki tatu.

"Una siku saba hujaguswa na wembe," Kinyozi alisema. "Uso huu naujua kuliko ninavyoujua wangu. Siku zako saba wembe unalia. Leo napitisha mkono hapa nakuta nini? Nywele za mtoto mchanga."

"Si vizuri? Maombi yamejibiwa."

"Wiki iliyopita nilinyamaza. Wiki ya kabla yake nilijiambia labda mkono wangu umechoka. Fungua mdomo."

"Mimi si ng'ombe wa mnadani."

"Fungua mdomo, Fundi."

Fundi akaubana mdomo kama mtoto anayekataa dawa, na ndivyo ilivyokuwa hasa.

"Jumapili ulinibusu," Kinyozi akaendelea, sauti imeshuka. "Hukukwepa, hukubana midomo, hukunipa shavu. Nilirudi nyumbani naimba barabarani kama mwendawazimu. Sikujiuliza zile fizi zimekwenda wapi. Mjinga mimi. Unameza ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Usinizungushe."

Fundi alikaa wima. Akajifuta uso kwa taulo, akajifuta tena mahali palipokwisha kauka.

"Nusu," akasema. "Vya asubuhi nameza. Vya jioni siku hizi simezi. Hii ni wiki ya sita. Na usinitazame hivyo, siku tatu hizi nimemeza vyote, damu itasoma vizuri."

Kinyozi akalichukua bakuli, akalibwaga kwenye sinki, na povu likaruka mpaka kwenye kioo. 

"Umeanza lini wizi?" aliuliza.

"Nimemwibia nani?"

"Dada yako."

Neno hilo lilimwingia Fundi mpaka kwenye mshono wa tumbo. Akateremka kwenye kiti, kitambaa cha kunyolea bado kinaning'inia shingoni.

"Usinitajie dada yangu," akasema. "Wewe ungekuwa mtu wa mwisho kunitajia dada yangu. Figo iko tumboni mwangu, lakini kila mtu ana hisa zake isipokuwa mimi niliyeibeba. Dada akija hanisalimii mimi, anasalimia figo: imelalaje, imekunywa maji, imekojoa. Daktari anasoma karatasi, hainui macho. Nikasema angalau yupo mmoja anayeniona mimi."

"Nakuona. Ndiyo maana nimejua."

"Hujui kitu. Kamuulize mama yako."

"Mama ameingiaje hapa?"

"Kamuulize siku ile niliyokuja kujitambulisha. Alinishika shavu hivi, akaniita mwanangu, halafu akautoa mkono haraka, akaufuta kwenye gauni. Ilikuwa jioni, Kinyozi, na wewe ulininyoa asubuhi. Nikabeba glasi kupeleka jikoni. Nipo koridoni namsikia anamwambia shangazi yako, 'Mwanangu ananiletea mwanamume mwenzake. Wajukuu zangu watazaliwa na ndevu.' Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akakohoa."

Kinyozi alifuta povu kwenye kioo kwa kiganja.

"Ukafanya nini?"

"Nikaingia nikawasaidia kuosha vyombo. Nikatabasamu huku nimefumba mdomo ili wasione na fizi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ili iweje? Ungemfokea, angelia, ungerudi kunibembeleza, na ndevu zingekuwa palepale."

"Kwa hiyo ukaona bora ufe."

"Nikaona bora nipigwe picha," Fundi akasema, na machozi ya hasira yakamtoka bila kumwomba ruhusa. "Picha moja, siku moja, bila mtu kunitazama kidevu. Nimewavalisha wanawake wangapi mimi? Napiga magoti nawapandishia pindo, pini zimenijaa mdomoni, wao wanajigeuza mbele ya kioo wananiuliza, 'Fundi, nimependeza?' Nami nawaambia umependeza. Wote nimewaambia. Nilitaka na mimi niambiwe, basi. Wiki hii mashangazi zako wananiambia nimeng'ara, mteja ananiuliza napaka nini. Kila mtu amefurahi. Kasoro wewe."

"Kwa sababu wao hawajui kilichokuwapo."

"Haya, sasa umejua. Ninyoe hivi vilivyobaki niende zangu."

Kinyozi alinyoosha mkono kuuchukua wembe. Mazoea ni kitu kibaya. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi kabla kichwa hakijakubali. Kisha mkono ukakwama njiani.

"Kila siku ya kliniki unapitia hapa kwanza," alisema.

"Si ndiyo tulivyopanga?"

"Daktari amewahi kuziona?"

"Azione wapi, na wewe unanyoa vizuri hivyo?"

 Nje mtu aligonga mlango, Kinyozi akamwambia kwa sauti isiyo ya kawaida kwamba leo hakuna kazi, aje kesho. Alikuwa amejishika kiuno, anamtazama Fundi.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Vaa viatu. Naenda na wewe, na naingia mpaka ndani."

"Huingii popote."

"Naingia."

Walikwenda hospitali kwa miguu, Fundi mbele, Kinyozi hatua kumi nyuma, kama watu wasiojuana ambao kwa bahati mbaya wanaelekea sehemu moja. Kila Fundi alipoongeza mwendo, naye aliongeza.

Dada alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la tatu kutoka dirishani, daftari lake la kuandikia majibu ya damu liko mapajani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa kifua kipana na sauti iliyozoea watoto sitini, na tangu mdogo wake apate figo hakuwahi kukosa kliniki hata moja. Hakumpenda Kinyozi, na hakulificha hilo. Mwanamume anayelipwa kusikiliza umbea, alisema, ataoa leo na kesho habari zako zitakuwa kwenye kila kiti cha mtaa.

"Huyu naye?" aliuliza alipomwona.

"Shikamoo, Dada," Kinyozi akasema.

"Marahaba. Nimeuliza, huyu naye amefuata nini?"

Fundi akampita kwenda dirishani. Fundi alitolewa damu, wakarudi kukaa, yeye katikati, kwa saa mbili nzima. Bega la Kinyozi lilikuwa karibu kiasi kwamba Fundi alisikia joto lake, na alikasirika zaidi kwa sababu alitaka kuliegemea.

Jina lake lilipoitwa wakainuka wote watatu. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyokaa zaidi kwenye paji kuliko machoni, alikuwa ameshika karatasi mbili, moja kila mkono.

"Hii inasema kiwango cha dawa kwenye damu ni kizuri," alisema. "Na hii inasema figo imeumia, tena si kidogo. Moja inanidanganya, na figo haijui kudanganya."

Dada akalifungua daftari lake. Kalamu ikabaki hewani.

Kinyozi alivuta pumzi kutaka kusema, lakini Fundi alimkanyaga mguu.

"Nilipunguza," Fundi akasema. "Mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Wiki sita nusu, na siku tatu za mwisho nikameza zote ili usijue."

"Kwa nini?"

"Ndevu."

Miwani ikashuka machoni. "Ndevu gani?"

"Nilikuwa nazinyoa mimi," Kinyozi akasema, na safari hii hakukanyagika. "Kila Jumatano, na siku za kliniki kabla hajaja kwako. Nilizinyoa mpaka napitisha pamba na hainasi."

Daktari aliinuka, akazunguka meza, akakishika kidevu cha Fundi akakigeuzia kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba chini ya taya. Kisha akamwambia afungue mdomo, na Fundi, aliyemkatalia mtu aliyempenda, akaufungua kwa mtu ambaye hakuwahi kumwomba kabla ya hapo.

"Kila ukija nakuuliza swali moja," Daktari alisema, na mtu angeweza kuisikia hasira ikichemka chini ya sauti ile ya upole. "Nakuuliza, dawa zinakusumbua? Unanijibu nini?"

"Hazinisumbui."

"Dawa hii inaotesha nywele na kuvimbisha fizi. Si kwa kila mtu, lakini kwa wengi. Si mkosi, si uanaume, ni dawa. Na ipo nyingine ya kazi hiyohiyo isiyootesha ndevu. Ina karaha zake, mikono inaweza kutetemeka, nywele za kichwa zinaweza kupungua, lakini ndevu hapana. Ningekubadilishia wiki ileile, taratibu, kwa kupima. Nilihitaji kuziona tu. Ninyi wawili miezi kumi na minne mlikuwa mkiniletea mgonjwa mwingine."

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, na alikitoa mdomo wazi. Miezi kumi na minne ya kuamka alfajiri, ya mtandio puani kwenye jua kali, ya glasi kwenye korido la mama mkwe, na dawa yake ilikuwa sentensi moja. Alimgeukia Kinyozi kutaka kumpiga, na akamkuta anaitazama mikono yake mwenyewe kama si yake. Walikuwa wamekula njama dhidi ya ile figo, yeye kwa aibu na mwenzake kwa mapenzi, na hakujua amchukie nani zaidi.

"Itapona?" Dada aliuliza. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Nitamlaza leo. Tutachukua kipande kidogo sana cha figo kwa sindano tukipime, na tukiona ninachokifikiria, ataingia kwenye dripu ya dawa kali siku tatu. Kilichopotea huenda kisirudi chote. Kilichobaki, tukikiwahi, bado ni chetu." Akamtazama Fundi. "Dripu hiyo itakuvimbisha uso. Harusi lini?"

"Wiki tatu."

"Basi utaolewa na mashavu. Na ndevu zitakuwa zimeanza kurudi, maana dawa mpya haifanyi kazi yake kwa siku moja. Uamuzi wenu."

Nje, koridoni, Dada hakungoja hata mlango ufungwe.

"Ndevu," alisema. Wagonjwa wa benchi zima waligeuka. "Nimepasuliwa kutoka hapa mpaka hapa. Nimekaa miezi siwezi kuinua ndoo, siwezi kupiga chafya bila kushika mbavu. Kwa ndevu."

"Ni ndevu zangu, Dada. Wewe hukuota hata moja."

"Ungeniambia."

"Ungesema nishukuru kwamba nipo hai."

Dada alilifunga daftari. Ndivyo hasa ambavyo angesema, na alijua, na kujua kwenyewe kulimkasirisha zaidi.

"Kweli ningesema," akakiri. "Halafu ningekaa kitandani pako nikakunyoa mimi. Unadhani nilikupa figo nikabaki na kinyaa? Nimekuogesha wewe. Nimekusafisha wewe ukiwa huwezi kugeuka. Ndevu ndizo zingenikimbiza?"

Fundi alikifunika kidevu kwa kiganja. 

"Na wewe," Dada akamgeukia Kinyozi. "Mtaa mzima habari zake unazo, mdomo wako hauna mlango. Hii ukaweza kuificha mwaka mzima na zaidi?"

"Hii haikuwa ya mtaa," Kinyozi akasema. "Ningeificha mpaka kaburini. Na kweli kidogo niifikishe huko. Mama yangu nitakwenda kuzungumza naye leo, na nitakachomwambia sitakirudia hapa mbele za watu. Lakini kosa la wembe ni langu, Dada. Nilidhani kumpenda mtu ni kumficha asionekane alivyo."

Muuguzi alikuja na fomu ya kulazwa juu ya ubao. Hakujua ameingia katikati ya nini, na hakujali.

"Ndugu wa mgonjwa, nani anasaini hapa? Anayesaini ndiye atakayeitwa likitokea lolote, saa yoyote. Na ndiye atakayehakikisha dawa zinamezwa."

Mkono wa Dada ulikwenda wenyewe. Kila karatasi ya Fundi tangu augue ilikuwa na saini yake, mstari mnyoofu wa mwalimu. Akaishika kalamu, akaiinamia fomu, kisha akasita. Aliitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesahihisha jibu ambalo halipendi lakini haoni lilipokosewa. Akamnyooshea Kinyozi kalamu.

"Saini wewe," akasema. "Mimi nimeshatoa yangu."

Kinyozi aliipokea kwa mikono miwili. Alijaza jina, alijaza simu, kwa mkono ule ambao haujawahi kumkata mtu. Alipofika kwenye kisanduku cha uhusiano akasimama.

"Hapa niandike nini?" aliuliza. "Bado wiki tatu."

Fundi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha magurudumu walichomletea, uso ameugeuzia ukutani.

"Andika mume," akasema. "Na usinisemeshe mpaka kesho."